Sanduku la Nane

"Gusa hapa, mama. Sikia mwenyewe."

Gannan alipitisha mkono ndani ya koti la mwanawe. Kitambaa, kisha kitambaa. Katikati hamna kitu. Koti la baridi la askari lilipaswa kuchakarika likiguswa, na nani wa kumweleza hilo yeye, aliyeshona mamia yake? Kila vuli mkoa uliwaletea wanawake wa Seonbawi karatasi za vijana walioanguka mtihani wa serikali, karatasi nene, ngumu, nao wakazishonea kati ya vitambaa viwili. Upepo ukija, haupiti. Lakini mwaka huu Wajapani walitangulia kufika. Mji wa mkoa ulikimbiwa, na watu wakasema karatasi zimeteketea huko huko.

"Kule juu lindoni, njiapandani, hatulali," Boksoe akasema. "Tunatetemeka kwa zamu." Akacheka, ila midomo yake ilikuwa imekauka ikawa rangi ya majivu.

Kisha macho yake yakaenda nyuma ya mama yake, kwenye masanduku manane yaliyopangwa ukutani mwa pango. Humo mlikuwa na kumbukumbu za nchi nzima, mambo ya kila mfalme tangu wa kwanza. Nakala nyingine zote zilikuwa zimeshachomwa. Hizi zilitoroshwa kutoka mjini, na wanakijiji wakazipandisha kwa migongo yao, ngazi ya kamba baada ya ngazi ya kamba.

"Karatasi tano tu, mama."

"Nyamaza!"

"Hapa pana za kuvisha jeshi zima. Hao wafalme wameshakufa, hawasikii baridi. Mimi naisikia."

Mwalimu Yun, msomi wa kijiji, alikuwa amechuchumaa mlangoni akiandika jina la mwenye zamu ya kulinda masanduku, kama alivyofanya kila adhuhuri. "Boksoe," akasema bila kuinua kichwa, "hata mfalme aliye hai haruhusiwi kuyasoma hayo. Muhuri ukivunjika, kichwa cha mama yako kinaondoka. Na changu."

"Hata kuchungulia tu, mwalimu?"

"Hata kuchungulia."

Boksoe akaliendea sanduku la mwisho, akainama kulinusa. "Hili mbona halinuki dawa? Yale saba yananuka majani ya kufukuzia wadudu mpaka macho yanawasha."

"Tulilipakia mwisho, limeshafungwa, mbio mbio, adui ameshaonekana," Yun akajibu. "Muhuri wa mkoa si ule ule?"

"Toa mkono wako hapo!" Gannan alifoka. "Baba yako alianguka nalo hilo. Aligeuka hewani akatanguliza mgongo ili lisipasuke. Ukiligusa, umemkanyaga kifuani."

Boksoe akarudi nyuma. Akajikunyata ndani ya koti lake tupu, na hilo ndilo lililomuumiza Gannan kuliko ubishi wote. Laiti angeweza, angelifungua sanduku lile kwa meno. Badala yake alivuta nyasi kavu kwenye malalo yake mwenyewe, akazijaza ndani ya koti, akashona haraka huku vidole vikimfa ganzi.

"Sasa umenigeuza godoro, mama."

"Nenda zako, godoro wee. Na urudi."

Alimshikia ngazi mpaka alipofika chini.

Siku ya tisa alipanda Pae, mfinyanzi, jirani yao. Pae alikuwa mtu wa mizaha, lakini siku hiyo alifika bila mzaha, koti la askari mkononi.

"Mama Boksoe, keti kwanza."

"Nimekaa, Pae. Sema."

"Wamemkuta ameketi zamuni, mkuki ameushika. Walidhani amesinzia."

Nyasi zilikuwa zimelowa, zikaganda, koti likawa gumu kama ubao. Gannan alilia mpaka sauti ikamwisha. Kisha akachukua ufagio, akafagia kando ya masanduku.

"Shuka upumzike," Yun akamwambia. "Nitalinda mimi."

"Nishuke niende kwa nani? Andika jina langu."

Yun akaandika. Akaandika na kesho yake, na siku zote zilizofuata, mpaka theluji ikayeyuka.

Majira ya kuchipua alikuja ofisa wa kumbukumbu na wapagazi wake. Yeye peke yake ndiye aliyeruhusiwa kuvunja muhuri, ili vitabu vianikwe juani visiliwe na ukungu. Alifungua masanduku saba, akahesabu vitabu mara saba, akakuta havijapungua hata ukurasa; la nane akaliacha, jua lilikuwa limeshashuka. Wanakijiji wakapiga magoti. Kesho, alisema, yote yangesafirishwa kaskazini.

Yun alimnong'oneza habari za Gannan. Ofisa akaguswa, maana hakuwa mtu mbaya, akamwita mbele za watu. "Mama, nchi ina deni kwako. Omba utakalo."

Gannan hakufikiri sana. "Lifunguliwe na la nane, bwana. Nisomewe jina la mfalme aliyemo, jina tu. Nikienda makaburini niwaambie wangu wawili walikufa kwa ajili ya nani."

Muhuri ulivunjwa. Hapakuwa na dawa, wala hariri ya kufungia, wala kitabu. Palikuwa na karatasi zisizoshonwa, nene, ngumu, zimejaa mpaka juu, zikachakarika ofisa alipoziinua.

"Soma, mwalimu," Gannan akasema. "Mfalme gani?"

Yun aliiona ya kwanza, akaweka mkono ukutani, akageuza uso. Ofisa ndiye aliyeokota kipande kilichowekwa juu yake, na kwa kuwa alikuwa mgeni asiyejua lolote, akakisoma kwa sauti ya kiofisi, neno kwa neno:

"Karatasi za walioanguka mtihani. Zipelekwe kwa washonaji wa Seonbawi, zitiwe kwenye makoti ya askari kabla ya theluji."