Mwanafunzi Aliyeitwa Redio

Wenzake walimwita Redio, kwa sababu hakuwahi kuandika chochote darasani, na bado angeweza kurudia somo zima neno kwa neno. Siku hiyo mwalimu alitaka kila mwanafunzi asimame aeleze anavyojifunza na alivyobadilika mwaka huo. Mmoja alisema huchora. Mwingine alisema husomea chooni, darasa likacheka.

Jirani wa Redio akamgusa kwa kiwiko. "Unaitwa, bwana. Mara ya tatu hii."

Akasimama. "Mimi hujifunza kwa kusikiliza," akasema. "Nikishalisikia somo, limeingia."

Midomo ya mwalimu ikacheza. Redio akasikia mvumo tu, kama watu wanaoongea nyumba ya pili. Wiki nzima alikuwa akiisingizia feni. Sasa akatazama juu, akaona feni imezimwa.

Akamkumbuka mama yake, aliyeanza hivi hivi, na ambaye sasa wanaongea naye kwa ishara za mikono.

"Kwa kusikiliza, mwalimu," akarudia.

Jirani yake akainuka, akamsogelea sikioni. "Hilo umeshajibu. Anakuuliza kama unaumwa."

Redio akaikazia macho midomo ya mwalimu.

"Naomba urudie, mwalimu," akasema. "Polepole."