Kicheche Aachiwa Mayai

Jumapili asubuhi Kicheche, mwizi wa mayai, alionekana mtoni akijisugua kwa mchanga. Alitaka kumwomba Kanga radhi, lakini harufu yake mbaya haikutoka.

"Utajichubua bure, ndugu yangu," Kanga alisema kutoka ukingoni. "Njoo hivyo hivyo. Nimeshakusamehe."

"Na ninavyonuka?"

"Mungu alinipokea kabla sijatakata, na nilikuwa mchoyo ajabu. Sasa naenda kutafuta chakula. Nilindie mayai."

Kunguru mbeya alicheka. "Mama Kanga, utakuta maganda matupu."

Mchana mvua kubwa ilinyesha. Kanga aliporudi alimkuta Kicheche amejikunja juu ya kiota, ana njaa, amelowa chapachapa na bado ananuka. Chini yake mayai yote yalikuwa mazima na makavu.