Magurudumu Matatu ya Ziada

Jumanne, tarehe 9 Machi 2083. Asubuhi kulikuwa na manyunyu.

Jioni, katika darasa letu la kazi za kiwandani, tulicheza mchezo wa kiwanda, tukiunda vigari vya mbao. Sheria ni ile ile: kwa kila kitu unachotengeneza kabla mwenzako hajakiomba, mkanda wa adhabu aliofungwa mumeo nyumbani humvunja ubavu mmoja. Lakini nilimwonea huruma Bi Sauda, jirani yangu mezani, aliyekuwa amebaki nyuma. Nikasema Bismillahi, nikamwandalia magurudumu matatu.

"Shoga, nani kakuomba?" akapiga yowe.

Nyumbani nilimkuta mume wangu Kombo sakafuni, akitema damu.

"Umemsaidia nani leo, mke wangu?"

Nikamshika mkono mbele ya watoto na majirani waliokuwa wamekusanyika. "Wallahi, sitampa tena mtu yeyote kitu asichoniomba."