Mchi Uvunguni

Tangu kila mtu avishwe bangili zinazokausha mkono ukiinuka na kitu kizito, hakuna mwizi aliyempiga mtu, wala mtu aliyempiga mwizi. Na mchi wa Nakunda ulilala uvunguni. Mahindi yaliyokobolewa ya dukani alikuwa nayo, lakini alitamani kutwanga kwa zamu na wifi yake Navoneiwa, kinu kimoja, wakirusha michi na kupiga makofi kabla ya kuidaka, mpaka majirani wajue leo kwa Nakunda kuna kande.

Siku hiyo Navoneiwa alikuja na mahindi na mchi wake.

“Wifi, tujaribu. Polepole tu.”

Wakainua. Bangili zikabana, vidole vikaachia, michi ikaanguka. Mikono ikakauka juu. Wakacheka, wakingoja ilegee.

Redioni wakatangaza kwamba makombora yameteketeza mji mwingine huko ng'ambo.

“Kwani hao hawana bangili?” Navoneiwa aliuliza.

“Wanazo, wifi. Kitufe cha kombora kinabonyezwa mkono ukiwa mezani.”

Kicheko kikawaisha. Wakabaki wamesimama penye kinu, mikono juu, kama watu waliojisalimisha.