Maji ya Mlonge

Bi Mwanakombo alizinduka kitandani wodini, dripu mkononi. Daktari Sengondo alikuwa amesimama pembeni yake, ameshika chupa ya chai aliyokuja nayo mama huyo.

"Sukari ilishuka nusura ikuue, mama! Nilikuuliza kama unatumia dawa nyingine, ukasema hapana."

"Hiyo ni dawa? Hayo ni maji ya mlonge. Mlonge ni mboga."

"Mboga inayoshusha sukari, juu ya vidonge nilivyokupa! Kwa nini hukuniambia?"

Bi Mwanakombo alijiinua kwa kiwiko. Sauti yake ilikuwa dhaifu, lakini vitanda vya jirani viliisikia.

"Nilikuambia, mwanangu. Siku ya kwanza kabisa. Ukawaita wenzako waje wamsikie bibi wa majani, mkacheka mpaka ukapangusa machozi. Vidonge vyako nikavimeza, sikuruka hata kimoja. Uliponiuliza tena, mlonge nikaunyamazia. Ningekuambia ili mnicheke tena?"

Wodi nzima ilimtazama daktari. Alivuta kiti, akaketi, akafungua ile chupa na kuinusa.

"Unakunywa kiasi gani, mama?" aliuliza taratibu.

"Leo ndiyo unauliza," alisema Bi Mwanakombo, akamgeuzia mgongo.

Daktari alibaki na kifuniko mkononi, akisubiri jibu.