Diski ya Akiba

Seva iliyotunza kesi zote za ofisi ilikata roho asubuhi, na wakili akamjia juu fundi wake mbele ya wafanyakazi wote. "Kazi yako nini hapa, dada? Kupamba viti?"

Fundi akatoa kwenye droo diski ya akiba yenye nakala za kesi, akaichomeka.

Skrini ikajaa bibi harusi akilishwa keki.

Wakili akakohoa. "Ah, harusi ya binti yangu. Nilikosa pa kuiweka, nikafuta vitu fulani humo. Si ungesema ni muhimu?"

Fundi akaigeuza diski. Kibandiko alichoandika USIFUTE kilikuwa kimekwanguliwa nusu kwa kucha.

"Nilisema." Akaichomoa, akamshindilia kiganjani. "Kesho mahakamani, mheshimiwa, kawaonyeshe keki."