Sanduku Mlangoni

Eda ilikuwa imekwisha. Ruqaiya akalitoa sanduku la mjane wa mwanawe, akalifuta vumbi, akaliweka mlangoni. Takaungu hii ina nini tena cha kumweka Mnyarwanda? Kisha, magoti yakimuuma, akakalia mbuzi kukuna nazi ya chakula cha kuagana.

Nyuma yake mjane alizungumza na mamake kwa simu. Katika maneno yote Ruqaiya alijua moja tu, alilofunzwa na marehemu: iwacu, kwetu. Likatajwa, likatajwa tena.

"Safari saa ngapi, mwanangu?"

"Safari gani, mama? Namweleza kwamba iwacu paa linavuja, tuliezeke kabla ya masika." Akamshika mkono. "Nipishe, umechoka. Nitakuna mimi."

Ruqaiya aliinuka, akajikokota hadi mlangoni, akalikalia sanduku.